Siku Nilipojiita Daktari wa Milioni Moja na Tatu

Nianze na aibu yenyewe, msije mkasema baadaye nimeificha: mimi Shadrack, fundi wa vitanda na makabati, mtu wa darasa la saba, niliwahi kutia sahihi barua kwa jina la daktari, na kwa sababu ya zile herufi tatu, D, K, T, nusura nivunje ndoa ya jirani yangu na nusura nivunjwe mimi pia (mbavu, maana kitu kingine cha kuvunjwa sikuwa nacho). Miaka imepita mingi, lakini mpaka leo nikiona karatasi imekunjwa mara nne lazima niikunjue nione imeandikwa nini.

Wakati huo nilikuwa nakaa Mashimoni, Kibera, chumba kimoja, na karakana yangu ilikuwa pale pale mlangoni chini ya mabati mawili. Ni miaka ile redio ilikuwa ikituhimiza kila siku kwamba mtu mzima asiyejua kusoma arudi darasani, ngumbaru, na kwa kuwa wa kufundisha walikuwa wachache kuliko wa kufundishwa, nikaombwa nisaidie alasiri tatu kwa wiki katika kanisa la mabati karibu na kioski cha maji. Nikakubali. (Kusema kweli nilikubali kabla hawajamaliza kuniomba, nilipenda sana kuitwa mwalimu.)

Rafiki yangu Zakayo alikuwa anafundisha ngumbaru kama yangu huko Kawangware. Zakayo ni mfupi kama yule wa kwenye Biblia, lakini kwa hesabu hashikiki, alisomea Musoma kwa mjomba wake, na huko Tanzania hesabu walifundishwa kwa Kiswahili, akarudi na kitabu chao kimechakaa kabisa, na ndani ya kitabu hicho ndimo nilimokutana na kitu kinachoitwa namba tasa. Shuleni kwetu tulisomeshwa kwa Kiingereza na jina la kitu hicho lilinipita, lakini tasa nililielewa mara moja, nani asiyelijua. Ni namba isiyogawanyika sawasawa kwa namba nyingine yoyote ila moja na yenyewe. Kumi na mbili unaigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa sita, inatoa tu. Kumi na tatu unaihangaikia mpaka jioni na haikupi kitu.

Ugonjwa wangu ukaanzia hapo. Zakayo akanipa milioni moja na moja, akaniambia nimjibu kama ni tasa au si tasa. Nikahangaika wiki nzima, nikafika mia moja na moja, ikaingia mara elfu tisa mia tisa na moja bila kubakisha kitu, nikapiga kelele mpaka nikagongewa ukuta. Akacheka, akanipa milioni moja na tatu.

Huyo ndiye aliyeninyoosha. (Mimi namba nazitaja kama watu, huyu na yule, amekubali, amekataa, ni tabia mbaya na mtaona ilinifikisha wapi.) Uzuri ni kwamba huhitaji kumjaribu na kila namba iliyo chini yake, ningezeeka. Elfu moja mara elfu moja ni milioni, kwa hivyo kama anagawanyika mafungu sawa, basi kati ya namba mbili zinazozidishana kumpata yeye, moja lazima isizidi elfu. Na huna haja ya kujaribu na nne kama kwa mbili ameshakataa, kwa hivyo unamjaribu na tasa wenzake tu, na tasa walio chini ya elfu ni mia moja sitini na nane. Nikawa nafanya wanne kila asubuhi kabla ya kushika randa, wiki sita, hata Jumapili. Saba akanibakishia nne. Kumi na moja, nne. Kumi na tatu, nne tena, nikaanza kuogopa nikadhani mkono wangu umelogwa. Kando ya kila hesabu nikaandika neno moja, "amekataa", na namba ya jaribio. Wa mwisho, mia tisa tisini na saba, akanibakishia kumi na mbili, nikaweka kalamu chini. Mtu wa Mashimoni, amekaa juu ya benchi la randa, amejua jambo la hakika ambalo halitabadilika hata kijiji chote king'olewe. Furaha ya namna hiyo inalevya kuliko chang'aa, na mimi nililewa.

Nikachana karatasi katikati ya daftari nikamwandikia Zakayo. Sikuandika jina lake, ya nini, mwenyewe anajijua. Namba yenyewe pia sikuitaja, anaijua. Barua ilisema hivi, naikumbuka neno kwa neno, ningefurahi kuisahau:

"Salamu. Yule tuliyezungumza habari zake nimemaliza kumchunguza. Nimechukua wiki sita, kila asubuhi, bila haraka. Nimejaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, na kwa zote zinazofuata hadi mwisho, hakuna iliyofaulu. Sasa nasema bila wasiwasi: huyu ni tasa. Asipewe mtu mwingine amhangaikie, jibu halitabadilika. Wewe tafuta mwingine."

Hapo chini, badala ya kuandika Shadrack kama mtu mwenye akili timamu, nikaandika "Dkt. S." Zakayo alikuwa ameniambia kwamba mabingwa wakubwa wa hesabu huko duniani huitwa madaktari ingawa hawajawahi kumchoma mtu sindano, na mimi asubuhi ile nilijiona nimefika kwao. Nikaikunja mara nne. Bahasha sikuwa nayo.

Sasa niwaambie habari za ukuta wa pili. Upande wa pili wa ukuta wangu alikuwa anakaa Okelo, mpakiaji wa magunia ya saruji, mtu mpole lakini mwenye mabega ya kuzuia mwanga wa mlango, pamoja na bibi yake Rispa. Walikuwa wameoana mwaka wa nne na hawajapata mtoto. Ukuta ni wa udongo, mengine unayasikia hata ukijifanya husikii, na nilijua kwamba mama yake Okelo ametoka nyumbani, kule upande wa ziwa, amefikia kwa mwanawe mkubwa Kawangware, na hakuja kutembea. Alikuja kujua. Rispa alikuwa mwanafunzi wangu wa ngumbaru, miezi minane sasa, alianza hajui a wala be, na alikuwa anasoma kwa kidole akinong'ona kila silabi. Hakuwa na haraka na hakuwahi kukosa siku.

Siku hiyo niliyoandika barua ilikuwa Jumamosi, na mnamo saa nne, nikamwona anatoka mlangoni amevaa gauni lake la kanisani, na nikakumbuka kwamba Barnaba, huyo shemeji yake wa Kawangware, na Zakayo wanakaa ploti zinazotazamana.

"Shemeji, unaenda Kawangware?"

"Naenda, mwalimu. Naitwa huko."

"Basi nipelekee Zakayo hii. Mwambie atafurahi."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye kitambaa alichokuwa amekishika, akaenda. Nilichokuwa sijui ni kwamba kitambaani mlikuwa na karatasi nyingine, nayo imekunjwa mara nne. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka hospitali kuchukua majibu. Nesi alikuwa na foleni mpaka nje, akamwambia tu, yote yameandikwa humo, peleka kwenu msomewe.

Mimi nilikuwa na kitanda cha mtu cha kumaliza, lakini gundi ikakataa kushika, na moyo ukakataa kutulia. Nilitaka kuuona uso wa Zakayo. Ilipofika saa nane nikachukua daftari langu la hesabu, nikakata kwa miguu, Soko la Toi, Ngong Road, Riruta Satellite, mpaka Kawangware, njia nzima natabasamu peke yangu hata mama mmoja akavuka barabara kunikwepa.

Nikamkuta Zakayo amekaa mlangoni pake, karatasi gotini, penseli mdomoni, uso umemkunjamana.

"Shadrack, hii umenitumia ni ya aina gani? Mia moja na kumi, halafu mstari, halafu sabini. Nimeigawa saa nzima, sioni unataka nini."

Nikaichukua. Juu palikuwa na muhuri wa hospitali, na hizo namba zilikuwa za presha ya damu. Zakayo akiona namba hasomi maneno, huyo ndiye Zakayo, lakini mimi nikasoma maneno, na Kiingereza changu kidogo kilitosha. Jina la Rispa lilikuwa pale. Chini daktari alikuwa ameandika kwamba mwanamke amepimwa na hana kasoro yoyote, na mume naye aletwe apimwe.

"Yangu iko wapi?" nikamwuliza.

"Ipi yako? Amenipa hii, akasema mwalimu amesema nitafurahi."

Jamani. Nikaisoma barua yangu kichwani, mstari kwa mstari, lakini safari hii kwa masikio ya mama mkwe. Nimemaliza kumchunguza. Huyu ni tasa. Tafuta mwingine. Dkt. S. Nikaona kabisa kwamba kuna njia mbili, nirudi Kibera kimya kimya na Rispa apelekwe kwao kwa neno langu, au nivuke barabara. Na nisiwadanganye, nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyompasa mwanamume kusimama, nikitafuta njia ya tatu.

"Twende wote," nikamwambia Zakayo.

"Mimi nitakuwa nyuma yako," akasema, na nyuma yangu ndipo alipokaa, mbali kabisa.

Mlango wa Barnaba ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mwanamke mwembamba mwenye macho makali. Barnaba alikuwa mezani na barua yangu mkononi (alikuwa karani kwa chifu, na ndiye msomaji wa ukoo). Okelo alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imelala magotini. Na Rispa alikuwa ameketi juu ya kigoda karibu na mlango, miguu pamoja, mtu ambaye ameshaambiwa. Jumatatu angepandishwa basi la kwao, hilo lilikuwa limeshaamuliwa.

Barnaba alikuwa anamfafanulia mama yake. "Hizi mbili, tatu, saba, mama, hizo ni sindano. Walimdunga ya pili, ya tatu, ya saba. Zote zimekataa."

Nilikuwa nimejiandaa kuanza na salamu, nieleze taratibu, lakini hofu ikasukuma maneno yakatoka yenyewe: "Samahani wazee, hiyo barua ni yangu!"

Okelo akainua kichwa.

"Fundi?" akasema. "Yako namna gani?"

"Nimeiandika mimi. Si ya hospitali. Nilikuwa nachunguza..." na hapo nikasikia ninachotaka kusema nikanyamaza, lakini nilikuwa nimechelewa.

Barnaba akaisoma tena, sasa polepole. "Nimemaliza kumchunguza. Wiki sita. Kila asubuhi." Akamtazama mdogo wake. "Omera, ndugu yangu, wewe hutoka kwenda kazini saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na huyu fundi anafanyia kazi wapi?"

"Hapo kwa mlango. Ukuta na ukuta."

Okelo akasimama. Sijawahi kuona mtu akisimama kwa muda mrefu namna ile, nilidhani hatafika mwisho. Nataka niseme kwamba nilikaa imara, lakini nilirudi nyuma nikamkanyaga Zakayo, Zakayo akapiga yowe, na majirani wa Barnaba wakaanza kujaa mlangoni.

"Ni namba!" nikasema. "Ndugu Okelo, naapa, ni namba! Tasa ni namba! Daftari hili hapa, tazama mwenyewe!" Nikalitupa daftari mezani kama mtu anayemrushia mbwa mfupa.

Barnaba akalifungua. Akaanza kusoma, na nilipomsikia nikatamani ardhi inimeze na daftari langu. "Ya kwanza, amekataa. Ya pili, amekataa. Ya tatu, amekataa." Akafunua kurasa, akafunua, akafika mwisho. "Mia moja sitini na nane! Mama, mara mia moja sitini na nane!"

Mlangoni mtu akapiga mluzi.

"Alikataa nini?" Okelo akauliza, na sauti ilikuwa ya chini sana. "Fundi, nakuuliza. Bibi yangu alikataa nini?"

"Kugawanyika!" nikalia. Ndiyo, nililia, machozi kabisa, mbele ya watu wa Kawangware, mwalimu mzima.

Barnaba akagonga meza. "Na hapa umeandika daktari. Wewe ni daktari? Kujifanya daktari ni kesi, mimi niko kwa chifu, naijua. Hii inakuweka ndani."

Nikaona pingu. Nikajiona ndani ya Land Rover ya serikali na vumbi la mbao bado liko kichwani. Ndipo mama mkwe akanyanyua mkono mmoja tu, wote wakanyamaza, hata wa mlangoni.

"Kwanza," akasema, "kama amekataa mara mia moja na hizo zingine zote, Okelo, wewe una bibi mzuri. Keti." Okelo akaketi. Mama akanigeukia. "Na wewe. Unasema ni namba. Mimi sijaenda shule. Nionyeshe hiyo namba."

Mezani palikuwa na sahani ya nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa. Nikachukua punje za mahindi, nikahesabu kumi na mbili nikazipanga mistari mitatu, nne nne. Nikazivuruga, nikazipanga miwili, sita sita. Nikamwambia, mama, hii inagawanyika. Nikaongeza punje moja. "Sasa hii ni kumi na tatu. Jaribu wewe."

Akaisogelea meza. Akapanga mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, ikabaki moja. Nne nne, moja tena. Tano tano, zikabaki tatu. Hakuharakisha. Mimi nilikuwa nasali kwa kumi na tatu, namba ninayoijua tangu utotoni, isinigeuke siku ile.

"Inakataa," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama. Namba kama hiyo kwenye kitabu inaitwa tasa. Mimi nilikuwa na moja kubwa, milioni moja na tatu, Zakayo alinipa. Ndiyo niliyoichunguza kila asubuhi. Hiyo barua ni ya Zakayo." Nikageuka kumwonyesha Zakayo, naye akachungulia kutoka nyuma ya mwanamke mmoja mnene akainua mkono.

"Na kwa nini mnaiita hivyo?" Mama alikuwa bado anazitazama zile punje. "Haina ubaya. Punje zake zote ziko hapa. Imekataa kukatwa tu."

Nikamgeukia Zakayo, mwenye kitabu. Akajificha tena nyuma ya yule mwanamke.

"Basi ya daktari wa kweli iko wapi?" mama akauliza.

Ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaitoa, na kwa ile nafuu ya mtu aliyeona pingu zikiondoka, nikafanya kosa la pili la siku hiyo, nikaisoma kwa sauti mbele ya wote, na mlangoni kumejaa. Mwanamke hana kasoro yoyote. Mume naye aletwe apimwe.

Nilipofika kwenye "apimwe" nikaelewa nimesoma nini. Ningeweza kuimeza ile karatasi ningeimeza. Mlangoni kukaanza minong'ono, mtu akacheka akanyamazishwa, na Okelo akawa anautazama mkono wake wa kulia, anaufungua na kuufunga, na mimi niliyeokoka mara moja nikajua mara ya pili haipo.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, kwa sauti ya panya.

"Imesema hana kasoro?"

"Hana kasoro yoyote."

Barnaba alifungua mdomo, mama yake akamtazama akaufunga. Kisha Okelo akafunika uso kwa viganja vyote viwili akakaa hivyo, na mama akawaambia wa mlangoni waende makwao, kwani hapa kuna sinema? Wakaenda, polepole.

Ndipo mama akamgeukia Rispa, ambaye muda huo wote hakuwa amesema neno, na kwa kweli hakuna aliyemwuliza. "Na wewe, nyathina, mwanangu. Karatasi mbili tu. Ulizichanganya namna gani?"

"Sikuzichanganya, mama," Rispa akasema. "Nilisoma."

"Tangu lini unasoma?" Barnaba akauliza.

"Mwalimu alinifundisha." Hakunitazama. "Nilifika Satellite nikakaa kando ya duka, nikafungua zote mbili. Moja ni ya Kizungu na ina namba nyingi, nikajua hii ni ya walimu, wanapenda namba. Ingine ni Kiswahili. Imesema nimechunguzwa. Chini kuna daktari. Nikajua hiyo ndiyo yangu."

"Ukasoma hilo neno?"

"Nikasoma."

"Na bado ukaileta hapa?"

"Sasa ningeipeleka wapi, mama?" Akalinyoosha gauni lake magotini. "Nilirudia mara tatu. Nilikuwa natafuta pahali nimekosea kusoma. Sikuona."

Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Yale ya Okelo na ya chifu yalikuwa hofu, na hofu hupita, mtu akitoka mbio kwenye nyumba inayoungua baadaye anasimulia akicheka. Lakini miezi minane nilikuwa nikisubiri siku ambayo Rispa atasoma barua nzima peke yake bila mtu wa kumsaidia silabi, nilikuwa hata nimemwahidi kwamba siku hiyo nitawaambia darasa zima wampigie makofi, na siku yenyewe ilikuja akiwa kando ya duka Riruta Satellite na barua ilikuwa yangu. Alisoma vizuri. Hakukosea hata neno moja.

Jumatatu hakupandishwa basi lolote. Mama mkwe alirudi kwake peke yake, na kabla ya kuondoka alimpeleka Okelo hospitali yeye mwenyewe, wanasema alimshika mkono mpaka mlangoni. Waliambiwa nini huko sijui na sikuuliza, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba Okelo alianza kuongea chini chini chumbani kwake. Alikuwa ananisalimia, lakini kwa umbali, na mimi nilikuwa natoka nje nikiwa nimehakikisha kwanza ameenda kazini.

Rispa hakuonekana darasani wiki mbili. Kila alasiri nilikuwa naogopa asije, na nilikuwa naogopa aje. Wiki ya tatu akaja, akakaa palepale pake, akafungua daftari. Na wiki chache baadaye, kwa bahati yangu, kile kitabu cha Zakayo tulichokuwa tumekinakili kikafika kwenye ukurasa ule. Nikaupita haraka nikaanza sehemu, nusu na robo, mgongo wangu ukiwaelekea watu.

"Mwalimu," sauti yake. "Umeruka."

"Hiyo si ya maana sana."

Nikasikia kiti. Alikuwa amesimama, karatasi mkononi, na bila kidole, bila kunong'ona, akasoma kwa sauti ambayo kanisa lote liliisikia: "Namba tasa ni namba isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote ila moja na yenyewe." Akafika kwenye nukta, akapumzika kama nilivyowafundisha, akaketi. "Sasa tufundishe," akasema.

Nikafundisha, na chaki ilivunjika mara mbili.

Kwa hivyo ninyi mnaonicheka, chekeni, lakini shikeni hili. Daktari sijiiti tena, hata kwa mzaha, hata kwa Zakayo. Barua siandiki bila jina la anayeandikiwa. Na mtu yeyote atakayekubali kunibebea barua, kwanza nafungua mbele yake, nampa aisome yote, na namwuliza ameelewa nini, hata akiniambia ana haraka.